Adabu za Kukaa na Beagle: Mwongozo kwa Wafugaji wa Lingeka na Bariadi

Ikiwa majaaliwa yamekuletea nyumbani mbwa wa aina ya beagle, ama kwa kuzawadiwa na rafiki aliyehamishwa kikazi, ama kwa kumnunua mwenyewe mjini Mwanza au Arusha na kusafiri naye hadi Bariadi, ukamfikisha Lingeka jioni huku watoto wa kitongoji kizima wakikusanyika kuyatazama masikio yake marefu, basi jambo la kwanza linalokupasa kulijua, kabla hujafikiri habari za chakula wala za banda, ni kwamba umempokea mnyama aliyechaguliwa vizazi kwa vizazi kwa ajili ya kazi moja tu, na kazi hiyo haimo miongoni mwa zile ambazo mbwa wetu wa Usukuma wamezoea kuzifanya. Mbwa wetu hulinda mji usiku, na mchana hufuatana na vijana wachungao ng'ombe. Beagle huinamisha pua chini, akishika harufu huifuata mpaka mwisho wake, na maadamu harufu ipo, humsahau bwana wake, jina lake na njia ya kurudi nyumbani.

Asili yake ni Uingereza, ambako alifugwa kwa kuwinda sungura, na Kasisi Phillip Honeywood wa jimbo la Essex, aliyekusanya kundi lake katika miaka ya 1830, ndiye ahesabiwaye kuwa aliweka msingi wa beagle wa zama hizi. Wawindaji walimfuata kwa miguu wala hawakuhitaji farasi, kwa sababu ni mbwa mfupi, kimo chake begani baina ya sentimita 33 na 40, uzito wake aghalabu kilo 9 hadi 11, mwenye kifua kipana na pumzi ya kukimbia kutwa. Walimfuga kwa makundi, mbwa wengi katika banda moja, wakila pamoja na kulala pamoja, na kwa hiyo upweke kwake ni adhabu. Huishi miaka 12 hadi 15, muda ambao mwanao aliye darasa la kwanza leo atautumia kumaliza masomo yake na kuondoka nyumbani, ilhali mbwa angali yupo anakungoja wewe. Ukiyashika haya mawili, pua na kundi, utakuwa umeshika ufunguo wa tabia yake nzima, kwa kuwa karibu kila raha na kila taabu utakayoipata kwake hutoka katika moja kati yao.

Pua ya mnyama si jambo la kudharau, na sisi Watanzania tumekwisha kuyaona hayo kwa macho yetu: Magawa, yule panya buku aliyezaliwa na kufunzwa Morogoro katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, alipelekwa Kambodia kunusa mabomu yaliyozikwa ardhini, na mwaka 2020 akatunukiwa na shirika moja la Uingereza nishani ya dhahabu ya ushujaa wa wanyama. Beagle naye amepewa kazi ya heshima katika viwanja vya ndege vya Marekani tangu mwaka 1984, ambako hupita kati ya mizigo ya wasafiri akitafuta matunda na nyama zilizoingizwa kinyume cha sheria, na alichaguliwa kwa kazi hiyo kwa sababu pua yake ni kali na umbo lake halimtishi mtu. Sifa hii ya pili ndiyo inayonilazimu kukuambia bayana jambo ambalo muuzaji hatakuambia: beagle si mlinzi. Atapiga kelele mwizi aingiapo, hilo ni kweli, lakini mwizi akimtupia kipande cha nyama watakuwa masahibu usiku uleule. Ikiwa haja yako ni kulinda ng'ombe, tafuta mtoto wa mbwa wa kienyeji kwa jirani, umlishe vizuri na kumchanja, naye atakufaa kuliko mbwa yeyote wa kununuliwa. Beagle ni wa mtu anayetaka mwenzi wa nyumbani, mchangamfu, mpole kwa watoto, na aliye tayari kulipa gharama ya ukaidi wake.

Kama bado unamtaka, usimchukue kabla hajatimiza wiki nane kwa mama yake, kwa kuwa katika siku hizo ndipo ajifunzapo adabu za mbwa wenzake, hasa kutong'ata kwa nguvu. Mtazame mama, umtazame na mtoto mwenyewe: macho yasiyo na tongo, masikio yasiyonuka, tumbo lisilovimba kama ngoma, na miguu isiyolegea. Dai kadi ya chanjo, uisome tarehe zake, wala usiridhike na maneno ya mdomo.

Sasa tuzungumze habari ya ua. Miji mingi ya Wasukuma imezungukwa na minyaa, mti mzuri usiohitaji maji mengi wala usioliwa na mifugo, nao umetosha kuwazuia ng'ombe tangu zama za mababu. Lakini kwa beagle ua wa minyaa ni mlango uliotobolewa kila mahali. Atapenya chini, na akipenya atavunja matawi, na utomvu wake mweupe ukimwingia machoni atapata maumivu makali na huenda akadhurika macho kwa muda mrefu. Likitokea hilo, mmiminie maji safi mengi machoni papo hapo, kisha umtafute daktari wa mifugo. Kwa upande wa nyumba anakoshinda, tandaza wavu wa waya nyuma ya minyaa, uuzike ardhini kiasi cha shubiri mbili na kupanga mawe chini yake, kwa maana mbwa huyu huchimba, na udongo wetu mweusi wa mbugani wakati wa masika huchimbika bila taabu. Banda lake liwe juu ya ardhi, lenye kivuli wakati wa jua la Septemba na Oktoba, na lisielekee upande wa mvua. Usimfunge mnyororo kutwa kucha, kwani afungwaye hivyo huwa ama mkali ama mnyonge, na vyote viwili ni hasara kwako.

Mbwa aliyezoea kundi hawezi kuachwa peke yake alfajiri hadi magharibi, na akiachwa atakushitaki kwa majirani. Sauti ya beagle haifanani na mbweko wa mbwa wetu. Ni mlio mrefu wa kuvuta, uliokusudiwa kusikika na wawindaji walio mbali, na katika utulivu wa usiku wa Lingeka utavuka mashamba ya pamba na kumfikia mzee aliyelala nyumba ya tatu. Wapo wanaoamini kuwa mbwa aliapo hivyo ametabiri msiba, nami sikushauri ubishane nao. Ni heri kumwondolea mbwa sababu ya kulia. Mpe mwenzi, hata akiwa mbwa wa kienyeji, umtembeze saa moja jumla kwa siku, nusu asubuhi kabla jua halijapanda na nusu jioni, kisha umwache apumzike karibu na watu. Mbwa aliyechoka halii usiku.

Majirani walio Waislamu wana haki zao vilevile, na mfugaji mwenye adabu huzihifadhi bila kuambiwa. Mate ya mbwa kwa madhehebu ya Shafii ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Basi usimwache akaingia jikoni kwa watu, wala akamnusa mgeni aliyekwisha kutawadha, na vyombo vyake viwe mbali na vyombo vya nyumba. Hata hivyo si haki kusema kuwa dini imemtupa mbwa, kwani mbwa wa mawindo, wa mifugo na wa shamba wameruhusiwa, na katika Sura ya Al-Kahf mbwa wa vijana wa pangoni ametajwa pamoja nao. Kinachokatazwa ni uzembe wa mwenye mbwa.

Katika kumfundisha, fimbo haikusaidii kitu. Mbwa wa mchungaji hutii kwa kuwa maumbile yake ni kumtazama mtu na kungoja amri. Beagle maumbile yake ni kuitazama ardhi, na ukimpiga kwa kuchelewa kurudi, atakachojifunza ni kwamba kurudi kwako kuna maumivu. Tumia tumbo lake, ambalo ndilo udhaifu wake mkubwa. Chukua vipande vidogo vya dagaa waliokaushwa, uvitie mfukoni, umwite kwa jina fupi la silabi mbili au upulize filimbi, na kila ajapo mpe kimoja, ukianza ndani ya ua ambamo hakuna cha kumshawishi, kisha barabarani, kisha karibu na gulio ambako harufu ni elfu. Jina lisiwe la kumsema jirani, desturi ambayo baadhi ya watu huipenda, maana utakuwa ukiliita kwa sauti kuu kila siku kwa miaka kumi na mitano.

Nje ya ua asitoke bila kamba. Nimemtazama beagle mmoja akipita na bwana wake penye njia ya kwenda sokoni, kamba imelegea, mkia umesimama na ncha yake nyeupe ikionekana juu ya nyasi; mama mmoja aliyebeba beseni la dagaa alikuwa amepita kitambo, hata haonekani tena, lakini mbwa aliposhika mahali nyayo zake zilipokata njia, aligeuka ghafula, shingo ikakaza, na kijana mwenye nguvu zake akavutwa hatua kadhaa kabla hajaweka mguu chini. Angekuwa huru, angeufuata mtaa mzima. Na harufu za nchi hii si za dagaa peke yake: wapo mbuzi wa watu, ambao mbwa akiwakimbiza utalipa wewe, wapo sungura wa porini, ambao kuwawinda bila kibali ni kosa kwa sheria ya wanyamapori, na wapo nyoka, hususan bafe, ambaye hujilaza njiani wala hakimbii, na swila, ambaye hutema sumu machoni. Kwa sumu iliyotemwa machoni, osha kwa maji mengi mara moja. Kwa aliyeumwa, mbebe asitembee, umpeleke kwa daktari, wala usimchanje wembe.

Chakula chake si lazima kiwe cha kununuliwa kwenye mifuko ya ng'ambo, ingawa mwenye uwezo asilaumiwe kwa kukitumia. Ugali wa mahindi au wa mtama uliochanganywa na dagaa wa Ziwa Viktoria waliochemshwa na kuoshwa mchanga, au na nyama iliyobaki kwenye mapanki ya sangara baada ya kuchemshwa na kuondolewa miiba yote, pamoja na mboga kidogo zisizotiwa kitunguu, humtosha mbwa mzima akipewa mara mbili kwa siku. Mtoto apewe mara tatu au nne. Kipimo chake ni mbavu zake: ukipitisha vidole ubavuni uzihisi bila kubonyeza, lakini usizihesabu kwa macho. Beagle hula mpaka chombo kikauke, kisha huomba kwa macho ambayo yamewashinda watu wenye nyoyo ngumu kuliko wewe, na ukimridhia atanenepa, na unene humwumiza mgongo na viungo na kumpunguzia umri. Waambie watoto na wageni kwamba mwenye ruhusa ya kumlisha ni mtu mmoja.

Kuna vitu vitatu ambavyo mwongozo ulioandikwa Ulaya hautakuonya juu yake, navyo vimejaa katika nchi ya pamba. Cha kwanza ni mashudu ya pamba, ambayo ng'ombe huyala na kunawiri, lakini yana sumu iitwayo gosipoli, na mbwa akiiba kila siku kidogo kidogo kutoka kwenye hori huweza kuharibika moyo bila wewe kujua sababu. Basi gunia la mashudu lifungwe na liwekwe juu. Cha pili ni dawa za kunyunyizia pamba: makopo matupu, bomba lililooshwa karibu na kisima, na dimbwi lililobaki shambani, vyote ni hatari kwa mbwa kama vilivyo hatari kwa mtoto. Cha tatu ni mahindi yaliyoota ukungu, ambayo watu wengi husema hayafai kwa binadamu lakini yanafaa kwa mbwa. Hayafai. Sumukuvu iliyomo humshambulia mbwa ini, na mbwa wengi wamekufa kwayo katika Afrika Mashariki. Kwa haya ongeza mifupa ya kuku iliyopikwa, ambayo hupasuka kwa ncha kali na kutoboa utumbo, na chokoleti, na kitunguu, na matumbo mabichi ya machinjioni yenye malengelenge ya maji, kwa kuwa humo mna tegu ambao mbwa huwachukua, kisha huwarudishia watu wa nyumba yake ugonjwa wa vivimbe vya ini na mapafu.

Masikio marefu ni uzuri wake na ni shida yake. Hewa haipiti ndani, unyevu wa msimu wa mvua hukaa humo, na kupe hupata maficho. Kila wiki mkalishe kivulini, uinue sikio moja kwa mkono wa kushoto, ulitazame na ulinuse: sikio lenye afya lina rangi ya waridi hafifu na halina harufu, lenye nta nyeusi, wekundu na harufu ya uchachu limekwisha kuugua, na mbwa mwenyewe atakuwa akitikisa kichwa na kulikwangua kwa mguu. Futa sehemu unayoiona tu kwa pamba iliyoloweshwa dawa ya masikio uliyopewa na daktari, wala usiingize kijiti ndani, na usimimine mafuta ya taa, ambayo nimesikia yakisifiwa. Baada ya masikio, pitisha vidole kati ya kucha, kwapani, chini ya mkanda wa shingoni na kwenye kinena, kwa kuwa hizo ndizo maskani za kupe. Ukimpata, mshike karibu kabisa na ngozi kwa kibano, umvute taratibu bila kumzungusha wala kumminya tumbo, kisha umtie katika spiriti.

Kupe wa huku si wa kuchezea, kwani mahali penye ng'ombe wengi ndipo wao walipo, na mbwa wa kigeni hana ukinzani walio nao mbwa wa kienyeji waliokua nao. Homa ya kupe huanza kwa kukataa chakula, nako kukataa chakula kwa beagle ni dalili kubwa kuliko homa yenyewe. Kisha fizi hupauka, mkojo huweza kuwa wa rangi ya kahawa, na pengine damu hutoka puani. Usingoje kesho. Katika vijiji vilivyo kando ya Pori la Akiba la Maswa na Hifadhi ya Serengeti kuna pia mbung'o, ambaye huambukiza mbwa nagana, na mojawapo ya alama zake ni jicho kugeuka ukungu wa samawati. Dawa ya josho la ng'ombe huweza kumwua kupe wa mbwa, lakini watu huikoroga kwa kukadiria, na mbwa mdogo aliyepakwa dawa kali huanguka kabla ya kupe wake. Mwombe Bwana Mifugo akupimie, ama utumie dawa iliyotengenezwa kwa mbwa. Dawa ya minyoo apewe kila miezi mitatu, na watoto wa mbwa kila wiki mbili tangu wakiwa na umri wa wiki mbili hadi miezi mitatu, nawe uzoee kufukia kinyesi chake, maana watoto wetu huchezea mchanga uleule.

Jambo moja huyapita kwa umuhimu yote niliyoyasema, nalo ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu, dalili zikisha kumdhihirikia mtu, hauna dawa, na huua karibu kila umpataye. Ilhali kuuzuia ni rahisi tangu Julai 1885, Louis Pasteur alipomchanja mtoto Joseph Meister aliyeumwa na mbwa. Kwa makadirio yaliyotolewa na wataalamu, Watanzania wapatao 1,500 hufa kwa kichaa kila mwaka, na karibu wote huupata kwa meno ya mbwa, wengi wao wakiwa watoto wa vijijini. Beagle wako achanjwe atimizapo miezi mitatu, kisha kila mwaka, na kadi yake ihifadhiwe pamoja na hati nyingine za nyumba. Usidhani kwamba kwa kuwa hatoki uani yu salama: mbwa mwenye kichaa hutembea mwendo mrefu na huingia penye watu, na mbwa mpole anayemkimbilia kila mgeni kwa furaha ndiye wa kwanza kuumwa.

Jihadhari na mbwa aliyebadilika tabia ghafla, mkali akawa mpole au mpole akawa mkali, ang'ataye miti na mawe, aliyebadilika sauti, atokaye udenda. Na jihadhari zaidi na yule aliyeachama taya likalegea, kwani watu hudhani amekwama mfupa kooni, wakatia mkono kumsaidia, na kwa wema huo wakajiua. Mtu akiumwa, au akikwaruzwa, au akirambwa penye kidonda na mbwa asiyejulikana chanjo yake, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, wala si kwa kumwagia maji mara moja; lisipakwe majani, wala pilipili, wala majivu, wala lisishonwe kabla tabibu hajaliona; kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akaanze sindano, na azimalize zote hata kama jeraha limepona. Mbwa aliyeuma, kama ni mzima na anaweza kufungiwa bila hatari, afungiwe na aangaliwe siku 10, na Bwana Mifugo apewe habari.

Kwa sisi wa mkoa huu wa Simiyu chanjo ina maana nyingine pia. Mwaka 1994 ugonjwa uitwao distempa, ambao ni wa mbwa wa nyumbani, uliingia Serengeti na kuua kiasi cha theluthi moja ya simba wa hifadhi ile, yapata simba elfu moja, na mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi walidhaniwa kuwa ndio chimbuko. Baada ya msiba huo ndipo kampeni za kuchanja mbwa zilipopelekwa katika vijiji vya pembezoni, vikiwemo vya upande wetu wa magharibi, na wataalamu wameonyesha kuwa mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, kichaa hukatika njia ya kuendelea. Kwa hiyo beagle wako achanjwe dhidi ya distempa na ugonjwa wa parvo vilevile, kuanzia wiki ya sita au ya nane, na kurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka atimize wiki 16. Chanjo hizi aghalabu hupatikana mjini, si kijijini, basi fanya mpango na daktari mapema na uulize kama atazileta katika chombo chenye barafu. Na usimwingize hifadhini hata kwa kamba, kwa kuwa mbwa hawaruhusiwi humo.

Kama huna nia ya kuzalisha, mhasi dume na umfunge jike uzazi, maana jike akipata joto atauletea mji wako madume ya vijiji vitatu, na pamoja nao mapigano, kupe na kichaa. Daktari akikuambia kwamba baadhi ya beagle hupatwa na kifafa, usishituke wala usikimbilie mganga: mbwa akianguka akatetemeka, ondoa vitu vya kumwumiza, usitie mkono kinywani, uhesabu dakika, na ukiona zimepita tano, mwite daktari.

Na siku itakapotangazwa chanjo ya mbwa kwa kipaza sauti, aghalabu karibu na Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tarehe 28 Septemba, nenda wewe mwenyewe. Usimtume mtoto mdogo na mbwa watatu katika kamba moja, kwani mbwa wengi wakikutana penye foleni hupigana, na mtoto ndiye aumwaye. Mshike beagle wako kwa kamba fupi, umsimamishe mbali kidogo na wengine, uchukue kadi, na kabla hujaondoka nyumbani pita kwa jirani mchungaji umkumbushe awalete na mbwa wake wanaofuatana na ng'ombe.